Neno 'Aina' Limeelemewa: Mbari za Kimelea cha Ndigana na Deni la Istilahi za Kiswahili

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kwa ng'ombe wa Afrika Mashariki, kimlacho ki sikioni mwake. Kupe mdogo wa rangi ya kahawia, apendaye kujishikiza ndani ya sikio la mnyama, hubeba katika mate yake kimelea kisichoonekana kwa macho, Theileria parva, ambacho ndicho chanzo cha ndigana kali. Wataalamu hukadiria kuwa ugonjwa huu huua ng'ombe wapatao milioni moja kila mwaka katika nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika. Mfugaji huzijua dalili zake: tezi zilizo chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mnyama huacha kula, pumzi humwia nzito, na katika muda wa wiki tatu au nne zizi hubaki na pengo. Kwa mtoto ambaye karo yake hutokana na maziwa ya ng'ombe huyo, pengo hilo si la zizi peke yake.

Ndigana kali ina chanjo, tena chanjo iliyozaliwa katika ardhi ya Kenya. Hata hivyo, hutokea ng'ombe aliyechanjwa akafa kwa ndigana. Hapo mfugaji hudai kuwa ametapeliwa, naye mchanjaji huapa kuwa dawa ilikuwa safi na ilihifadhiwa ipasavyo. Yawezekana kabisa kuwa wote wawili wasema kweli. Chanjo ilimfunza ng'ombe kumtambua adui mmoja, akaja adui mwingine wa spishi iyo hiyo mwenye sura tofauti. Wanasayansi wamelijua jambo hili kwa miongo mingi. Mfugaji hakuambiwa, na hata angeambiwa kwa Kiswahili, msemaji angekwama kwenye neno 'aina'. Hoja ya makala haya ni kwamba tofauti baina ya mbari za kimelea si suala la maabara peke yake. Ni suala la lugha pia, na wanafunzi wa Kiswahili wana deni ndani yake.

Ili hoja hiyo isimame, yafaa kwanza kueleza jinsi kimelea hiki kinavyofanya kazi. Kupe anapofyonza damu, huwamwagia ng'ombe vimelea vichanga pamoja na mate yake. Vimelea hivyo havipotezi muda. Punde si punde huingia ndani ya limfosaiti, yaani seli nyeupe ambazo ndizo askari wa mwili. Humo ndani kimelea hufanya jambo la ajabu: huishurutisha seli igawanyike ovyo, mithili ya seli za saratani, na kila inapogawanyika nacho hugawanyika pamoja nayo. Askari aliyewekwa kulinda ngome hugeuzwa kuwa mzazi wa maadui. Ndiyo maana tezi huvimba. Ni kambi za askari zilizofurika waasi.

Mwili nao haukosi hila. Kila seli ya ng'ombe ina desturi ya kuonyesha juu ya utando wake vipande vidogo vya protini zilizomo ndani yake. Seli iliyotekwa huonyesha, pamoja na vipande vyake yenyewe, vipande vya protini za kimelea. Protini za namna hii, ambazo mwili huzitambua kuwa ngeni ukainuka kuzipinga, ndizo huitwa antijeni. Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya mfugaji ni chapa. Mfugaji humchoma ng'ombe wake alama ya ukoo, na popote malishoni humtambua kwa alama hiyo. Seli za ulinzi nazo hujifunza chapa ya kimelea. Zikiiona juu ya seli iliyotekwa, huiua seli hiyo pamoja na mgeni wake. Ng'ombe aliyeugua akapona huishi akiikumbuka chapa ile kwa muda mrefu.

Tatizo ni kuwa vimelea vya Theileria parva havina chapa moja. Vyote ni spishi moja, huenezwa na kupe yuleyule na huvamia seli zilezile. Lakini baadhi ya protini zao, hasa zile ambazo seli za ulinzi huzikazia macho, hutofautiana. Mbili zilizochunguzwa sana zimepewa majina ya Tp1 na Tp2, na ya pili hubadilika mno kutoka kimelea hadi kimelea. Ng'ombe aliyefunzwa chapa ya kwanza anaweza kupishana na mwenye chapa ya pili asimjue. Fauka ya hayo, ng'ombe wenyewe hawatazami kwa jicho moja. Kwa sababu za urithi, ng'ombe huyu hukazia chapa hii na jirani yake hukazia ile. Hivyo basi, kundi lililochanjwa siku moja kwa dawa moja laweza kukutana na kimelea kigeni, baadhi wakanusurika na baadhi wakafa. Anayelishuhudia tukio hilo bila maelezo atasema ni bahati, au uchawi, au ulaghai.

Historia ya chanjo yenyewe ni historia ya kuzigundua tofauti hizi hatua kwa hatua. Ugonjwa huu ulizuka kusini mwa Afrika kati ya mwaka 1901 na 1902 kupitia ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na kwa sababu hiyo ukapewa na wageni jina la Homa ya Pwani ya Mashariki. Robert Koch, mtaalamu mashuhuri wa Ujerumani, aliitwa kuukabili mwaka 1903. Alijaribu kuwakinga ng'ombe kwa kuwadunga damu ya waliopona, lakini mbinu hiyo haikufua dafu. Ufumbuzi ulipatikana miongo kadhaa baadaye, katika miaka ya 1960 na 1970, kwenye taasisi ya utafiti wa mifugo ya Afrika Mashariki iliyokuwa Muguga, karibu na Nairobi. Watafiti waliwadunga ng'ombe vimelea hai na papo hapo wakawapa oksitetrasaiklini, dawa inayodhoofisha maambukizi. Ng'ombe huugua kidogo, akapona, akabaki na kumbukumbu.

Punde walibaini kuwa mnyama aliyekingwa kwa kimelea cha mahali fulani alistahimili kimelea hicho, lakini huenda asistahimili cha kwingine. Ndipo wakachanganya vitatu: kimoja cha Muguga, cha pili kilichoitwa Kiambu 5, na cha tatu cha Serengeti, ambacho asili yake ni nyati na ambacho kilipitishwa kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine mpaka kikazoea kuishi katika ng'ombe. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mchanganyiko huo wa Muguga, uliotangazwa mwaka 1975, ulitoa ulinzi mpana kuliko kimelea kimoja kimoja. Hadi leo chanjo hiyo hutengenezwa kwa kuwasaga kupe walioambukizwa na kuuhifadhi mchuzi wao katika naitrojeni ya kimiminika. Kazi ya kuitengeneza, ambayo ilifanywa Nairobi kwa miaka mingi, baadaye ilihamishiwa kituo cha Lilongwe, Malawi. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania ni miongoni mwa walioipokea kwa wingi zaidi. Pwani ya Kenya nayo ina sehemu yake katika hadithi hii, kwani kimelea kilichopatikana Marikebuni, katika eneo la Malindi, kilijaribiwa na watafiti wa Kenya kuwa chanjo ya mbari moja.

Kuna funzo la kushangaza ndani ya majina hayo. Vipimo vya chembe za urithi vilipokuja kufanywa, ilidhihirika kuwa kimelea cha Muguga na kile cha Serengeti vinakaribiana mno, ilhali Kiambu 5 kiko mbali nao. Majina yalikuwa matatu kwa sababu mahali palikuwa patatu, bali kwa upande wa chapa mchanganyiko ulikuwa na sura mbili kuu. Mwanafunzi wa isimu hatashangaa sana. Jina la mahali hueleza kitu kilikotoka; halielezi kitu kilivyo.

Na iwapo majina ya mahali hupotosha kidogo, ukimya kuhusu nyati hupotosha sana. Nyati ndiye mwenyeji wa kale wa kimelea hiki. Hukibeba bila kuugua, na vimelea vilivyomo mwilini mwake vina chapa za namna nyingi kupita zile zilizomo katika ng'ombe. Kupe aliyemnyonya nyati akihamia kwa ng'ombe humletea adui ambaye mchanganyiko wa Muguga haukumwandaa kumtambua. Utafiti uliofanywa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa ng'ombe waliochanjwa na kuachiliwa katika malisho ya nyati hawakupata kinga ya kutosha. Kwa mfugaji anayepakana na mbuga, habari hii ina thamani kuliko chanjo yenyewe, maana ndiyo itakayoamua alishe wapi na aendelee kuwaogesha ng'ombe joshoni au aache.

Sasa na ichukuliwe sentensi moja ya Kiswahili ambayo afisa yeyote wa mifugo angeweza kuitamka barazani: "Chanjo hii humkinga ng'ombe dhidi ya aina tatu za vimelea." Kisarufi haina kasoro. Kimaana ni mtego. Msikilizaji mmoja ataelewa kuwa chanjo inazuia magonjwa matatu, yaani ndigana kali, ndigana baridi na nagana, ilhali inazuia ndigana kali tu. Mtu huyo ataacha kuogesha mifugo, na kupe watamletea maradhi mengine ambayo chanjo haikuyagusa. Msikilizaji wa pili ataelewa kuwa aina za kimelea duniani ni tatu tu na zote zimekwisha kukabiliwa. Huyo atalisha kando ya nyati bila wasiwasi. Wa tatu, ambaye neno 'aina' humkumbusha aina za ng'ombe, atauliza kama chanjo ni ya ng'ombe wa kigeni au wa kienyeji. Hakuna kati yao aliye mjinga. Neno ndilo lililobebeshwa mizigo mingi kupita kiasi: spishi, mbari, kizazi cha mifugo, namna na jinsi, vyote vimo katika gunia moja.

Wala si ndigana peke yake. Mwaka 2021, vyombo vya habari vilipotangaza "aina mpya ya korona", maneno hayo hayakumwambia msikilizaji kama maradhi mapya yamezuka, au kama ni kirusi kilekile kilichobadili sura. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito kwa mtu aliyekuwa akijiuliza kama chanjo aliyokwisha kudungwa bado ingemfaa.

Neno la pili linalostahili kuangaliwa upya ni 'kingamwili'. Istilahi hii hutumiwa kwa protini maalumu ambazo mwili huzitoa katika damu ili zishikamane na kitu kigeni. Lakini katika maandishi mengi na katika mazungumzo ya kila siku, 'kingamwili' na 'kinga ya mwili' hubadilishana nafasi kana kwamba ni kitu kimoja. Katika ndigana kali kosa hili si dogo. Ng'ombe aliyeambukizwa hutoa kingamwili, na vipimo vya damu huzionyesha. Ila kuwapo kwa kingamwili hizo huthibitisha tu kuwa mnyama alikutana na kimelea. Hakuthibitishi kuwa amekingika. Kinachomlinda hasa ni seli ziuazo zilizotajwa hapo juu. Jambo hili lilithibitishwa jijini Nairobi katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, pale seli za namna hiyo zilipotolewa kwa ndama aliyekingwa na kutiwa kwa pacha wake wa kufanana, naye akastahimili ugonjwa. Mfugaji akisomewa majibu kuwa "ng'ombe wako ana kingamwili", akasikia kuwa ng'ombe wake ana kinga, lugha itakuwa imemhadaa bila yeyote kukusudia.

Nini basi kifanywe? Hatua ya kwanza ni kulipunguzia mzigo neno 'aina'. 'Spishi' imekwisha kuzoeleka shuleni na ibaki na kazi yake. Kwa makundi yaliyomo ndani ya spishi moja, yenye asili ya pamoja lakini yanayotofautiana kwa chapa, neno 'mbari' lafaa mno. Ni neno la Kiswahili lenye maana ya ukoo au watu wa asili moja, na lina ndugu zake katika lugha nyingine za Kibantu za Kenya. 'Nasaba' ingeweza kufaa pia, lakini imekwisha kuajiriwa katika 'vinasaba', na kuitumia tena kungezaa utata uleule unaokimbiwa. 'Mbari' ina faida ya ziada. Watu wa mbari mbili huoana, na watoto wao hurithi sura za pande zote mbili. Vimelea vya ndigana navyo hufanya vivyo hivyo: mbari mbili zikikutana ndani ya kupe mmoja huweza kuchanganya urithi wao na kuzaa sura mpya. Neno 'aina' halidokezi lolote kuhusu jambo hilo. 'Mbari' inalidokeza kabla ya maelezo kuanza.

Hatua ya pili ni kulikubali neno 'chapa' kama lugha ya maelezo. Istilahi 'antijeni' ibaki katika vitabu vya sayansi, kwa kuwa ni ya kimataifa na wanafunzi watakutana nayo kwingineko. Lakini barazani, redioni na katika vijitabu vya wafugaji, 'chapa' itafanya kazi ambayo 'antijeni' haiwezi. Na ijaribiwe sentensi ileile kwa maneno haya: "Ndigana kali husababishwa na spishi moja ya kimelea yenye mbari nyingi. Chanjo humfunza ng'ombe chapa za baadhi ya mbari hizo. Mbari za nyati zina chapa nyingine, kwa hiyo ng'ombe aliyechanjwa asilishwe na nyati, wala asiachwe bila kuogeshwa." Hakuna kilichorahisishwa hadi kikawa uongo, na hakuna neno ambalo mzee wa Narok au Kajiado asikiaye Kiswahili angelikataa.

Wapo watakaopinga. Wa kwanza watasema kuwa muktadha hutosha kufafanua, na kwamba lugha zote zina maneno yenye maana nyingi. Ni kweli, lakini muktadha humsaidia anayejua mambo tayari. Mtafiti akisikia 'aina' hujua ni ipi kati ya maana tano; mfugaji, ambaye ndiye mhitaji, hana muktadha huo. Wa pili watasema kuwa sayansi ina lugha yake, nayo ni Kiingereza. Hao wanasahau kuwa tangu Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza, na lugha rasmi isiyoweza kumweleza raia kwa nini ng'ombe wake amekufa ni rasmi kwa jina tu. Wa tatu, na hoja yao ndiyo nzito zaidi, watauliza ni nani aliye na mamlaka ya kuunda istilahi. Historia ya Kiswahili inaonyesha kuwa mamlaka peke yake hayatoshi. 'Tarakilishi' iliundwa kwa ustadi, ila watu wengi waliendelea kusema 'kompyuta'. Kwa upande mwingine, 'UKIMWI' ilienea mijini na vijijini, kwa kuwa ndani yake mna maelezo: ukosefu wa kinga mwilini. Neno lile lilikuwa somo zima la tiba katika silabi tatu. Istilahi hudumu inapomfaa anayeitumia.

Kwa hiyo kazi iliyopo haihitaji kusubiri mabaraza na taasisi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi hiyo inastahili heshima. Lakini biolojia ya mwaka 1990 siyo ya leo. Chembe zote za urithi za mbari ya Muguga, zenye jeni zipatazo 4,000, zilisomwa na kuchapishwa mwaka 2005, na maarifa yaliyofuata hayajapata makao katika Kiswahili. Kila chuo kikuu chenye idara ya Kiswahili na kitivo cha tiba ya mifugo kina nafasi ambayo aghalabu haitumiki: wanafunzi wa pande hizo mbili hula katika bwalo moja bila kusemezana kuhusu kazi zao. Tasnifu moja ya istilahi za maradhi ya mifugo, iliyoandikwa baada ya mwandishi wake kukaa na wafugaji na kusikiliza wanavyoyaita magonjwa, mbari na kupe, ingekuwa na manufaa kuliko tasnifu kumi zinazorudia kuhesabu vina na mizani katika tenzi zilezile. Si kwamba tenzi hazina thamani. Ila lugha iliyobeba tenzi hizo ilibeba pia majina ya pepo, mitepe na mikondo ya bahari, kwa sababu baharia aliyekosea jina la upepo huenda asifike.

Mfugaji wa leo yuko katika bahari ya namna hiyo. Kimelea kinabadilika, chapa zinachanganyika ndani ya kupe, nyati anavuka uzio, na chanjo inalinda hapa bila kulinda pale. Anachokihitaji ni maneno yanayotofautisha vitu ambavyo kwa kweli ni tofauti. Siku atakapoweza kumuuliza mchanjaji, "Chanjo hii ni ya mbari zipi, na hapa kwetu kuna mbari gani?", na akajibiwa kwa Kiswahili kisichopepesa, deni litakuwa limeanza kulipwa.